Mbolea ya Sikukuu

Chupa ya kijani ya mbolea iliisha wiki ya Santa Marija, sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane, wakati duka la mbolea limefungwa na mwenyewe ameshakwenda zake kisiwani Gozo na familia. Mena aliipindua juu ya ndoo, akaigonga tako kwa kiganja, akangoja. Likatoka tone moja. Akaitia maji kidogo ndani, akaisukasuka kama anavyofanya na chupa ya sosi ya nyanya, akamimina hayo hayo. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Mimea minne ya bangi ilikuwa imesimama mbele yake, kila mmoja kwenye ndoo yake ya udongo, juu ya paa tambarare la nyumba yao, kijijini Mqabba, nyuma ya kibanda cha kufulia. Ilizungushiwa milango ya zamani na wavu wa kivuli, kwa kuwa sheria inaruhusu minne kwa nyumba lakini haitaki mpita njia aione. Ilikuwa imeshatoa maua, na maua yenyewe yamevimba, yananata vidoleni. Bado wiki chache tu ivunwe.

Mimea haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanawe Redent, fundi ujenzi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa na kuvunja mgongo. Sasa alikuwa hospitalini, amepasuliwa mara ya pili, na mama mtu ndiye aliyebaki kupanda ile ngazi nyembamba ya kuzunguka kila asubuhi na ndoo mkononi.

Akampigia simu.

"Imeisha, mwanangu. Na duka limefungwa."

"Ikiisha imeisha. Ipe maji matupu."

"Maji matupu? Mpaka ivunwe? Hata mfungwa hupewa mkate, Redent."

"Mama, nisikilize. Imefika mwisho hiyo, haihitaji makubwa. Usiibadilishie chakula sasa. Maji ya kisima basi. Sema ndiyo."

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo kama unamjibu padri."

"Nimesema ndiyo! Umekula?"

"Supu."

"Supu ya nini?"

"Mama, sijui supu ya nini, ina maji." Kisha sauti yake ikashuka. "Daktari alitaka kunianzishia tena vile vidonge vya maumivu. Nimemwambia nina mimea yangu nyumbani, karibu itakuwa tayari. Amekubali nijaribu hivyo. Sasa isipokuwepo..."

Hakumaliza, na Mena hakutaka amalize. Vile vidonge alivijua. Aliwahi kumkuta Redent amelala na uso ndani ya sahani ya makaroni. Aliwahi kumwona akiuza mashine yake ya kutobolea ukuta, halafu anamwapia mamake kwamba imeibiwa. Alipoachana navyo alikuwa mifupa mitupu, na kilichomvusha, mbele ya daktari na kwa idhini yake, ni mimea ile ile ambayo Mena zamani akiisikia ikitajwa alikuwa anafanya ishara ya msalaba.

"Itakuwepo," alisema. "Wewe lala."

*

Neno la Redent lilikuwa jepesi kulifuata: asifanye kitu. Na hilo ndilo lililomshinda. Mena alikuwa mwanamke asiyeweza kumwona mtu mezani na sahani tupu. Mafundi wa umeme walikula kwake. Polisi waliokuja kuhesabu mimea, baada ya jirani kulalamikia harufu, walihesabu minne, wakaona wavu uko sawa, wakaondoka na mkate wa mafuta na nyanya mkononi. Sasa aambiwe mimea inayobeba uhai wa mwanawe ishinde na maji matupu, tena kwenye jua la Agosti!

Siku ya pili akaenda kwa binamu yake Wenzu. Wenzu alikuwa na gereji iliyokuwa duka pia: matundu ya ndege, mbegu, mabomba, sumu ya panya. Kijiji kizima kikifunga, yeye hafungi.

"Binamu, hicho nacho ni cha kukukosesha usingizi?" Wenzu akatoa chupa nyeusi yenye picha ya fahali. "Chukua hii. Wakulima wa Sisilia hawatumii nyingine. Nyanya zao umeziona?"

"Si nyanya, Wenzu."

"Najua si nyanya! Kijiji kizima kinajua si nyanya. Pua tunazo." Akacheka mwenyewe. "Mbolea ni mbolea, Mena. Ya kijani, nyeusi, zote zinatoka kwenye pipa moja, wanabadilisha karatasi tu. Ishirini na mbili, lakini kwako ishirini."

"Ile nyingine nilikuwa naweka vifuniko viwili kwa ndoo."

"Basi na hii viwili. Kifuniko ni kifuniko."

Mena alitoa noti ya ishirini aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya nyama ya sungura. Hakuvipima vile vifuniko. Angevipima angeona kwamba kile cheusi kinameza karibu mara mbili ya kile cheupe cha zamani. Na maandishi ya nyuma yalikuwa ya Kitaliano, madogo kama mchanga, na yalisema chupa hii ni nzito, itiwe kidogo, tena kwa mmea mchanga tu. Yeye alisoma shule ya msingi tu. Kitaliano chake ni cha televisheni, na televisheni haisemi habari za mbolea.

Ilikuwa mkesha wa sikukuu. Fataki zilikuwa zinapasuka tangu asubuhi, madirisha yanatikisika. Nyumbani kwake siku hiyo hakuna kiumbe anayekula kama siku nyingine. Hata ndege wa Indri, mumewe, huwekewa yai la kuchemsha. Mena akapanda juu na ndoo ya maji ya kisima, akatia vifuniko viwili vya chupa ya fahali. Akaitazama mimea. Akatia cha tatu.

"Na nyie mle sikukuu," aliiambia.

*

Siku ya Santa Marija yenyewe hakupanda. Palikuwa na misa, na wageni, na maandamano ya sanamu jioni. Asubuhi iliyofuata alikuta ncha za majani zimekuwa za manjano, kama mtu amezichovya kwenye haradali.

Mama yeyote anayesoma hapa na ashike hili, maana ndipo wengi tunapopotelea. Mena aliona manjano, akasema ni njaa. Akasema, nilikawia, nilisherehekea nikaisahau. Akarudia vifuniko vitatu.

Kesho yake majani yalikuwa yamejikunja kwenda chini kama kucha za kuku. Ncha zilikuwa kahawia na zinavunjika zikiguswa. Juu ya udongo, pembeni mwa ndoo, palikuwa na utando mweupe. Aliulamba kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa chumvi kali. Maua yaliyokuwa yananata yalianza kukauka kwa pembeni, na harufu yao, ile iliyomgombanisha na mtaa mzima, ilikuwa imefifia.

Akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. Hakulia. Alishuka, akamkuta Indri jikoni na gazeti.

"Mimea inakufa."

"Vizuri," alisema Indri. Alikuwa mzee wa machimbo ya mawe, mpiga tarumbeta wa zamani, mtu aliyefikiri kwamba kila jambo la nyumbani kwake linajadiliwa kule kwenye klabu ya bendi ya kijiji, na hakukosea sana. "Ikifa tutapumua. Jana klabuni Karmnu kaniuliza mbele ya watu, 'Indri, mwaka huu mnauza kwa kilo au kwa gunia?' Wakacheka mpaka mhudumu akacheka."

"Na ulimjibu nini?"

"Nimjibu nini? Nilikunywa bia yangu."

"Ungemwambia mwanao hanywi vidonge tena."

"Bangi na vidonge, tofauti yake nini? Nyote mnanichanganya tu."

"Tofauti yake ni kwamba akiwa na hii ananijua jina langu, Indri."

Indri akageuza ukurasa wa gazeti. Mena akachukua simu.

*

"Mama, umeipa nini?"

Alikuwa amempelekea picha. Alikuwa pia ameandaa uongo, kwamba ni joto, kwamba ni upepo wa kusini. Uongo ulimkaukia mdomoni.

"Nimenunua chupa kwa Wenzu."

"Kwa Wenzu wa sumu ya panya?"

"Kasema zote ni sawa."

"Vifuniko vingapi?"

"Vitatu. Mara mbili."

Akamsikia anavuta pumzi, na jinsi pumzi ile ilivyomuuma mgongoni. Hakumfokea. Mena angependa amfokee.

"Imekula chumvi nyingi mno," alisema. "Mizizi imeungua. Kuna ile ya chupa ya kwanza iliyokuwemo kwenye udongo, na juu yake umetia hii. Inabidi uioshe. Unamimina maji mpaka yatoke chini, unamimina tena, na tena, ndoo baada ya ndoo, mpaka maji yatoke meupe. Halafu huipi kitu chochote. Chochote, mama, hata ikikuomba."

"Naosha leo."

"Si maji ya bomba. Bomba letu lina chumvi yake, utaongeza moto juu ya moto. Maji ya mvua. Ya kisima."

"Kisima kimefika chini. Pampu inavuta matope."

Nyuma ya Redent mtu alikuwa anasukuma kigari cha chakula.

"Basi mama. Sijui. Usijiumize kwenye ngazi. Nitamwambia daktari anipe tu vile vidonge, nitajitahidi..."

"Hutamwambia daktari chochote!" Mena alisema kwa sauti iliyomfanya Indri ashushe gazeti. "Umesikia? Funga mdomo wako ule supu."

*

Nyumba zote za mtaa ule zina kisima chini ya sakafu, cha kunasa mvua ya paa. Mwezi wa nane vingi ni vitupu. Kisima kilichokuwa na maji kilikuwa cha Tona, mjane wa nyumba ya pili, kwa sababu anaishi peke yake na hafui ila mashuka yake mawili. Na Tona ndiye aliyepiga simu polisi.

Mena alivua aproni, akachana nywele, akaenda kugonga. Tona alifungua nusu mlango. Nyuma yake, kwenye kiti, alikuwepo dada yake aliyetoka kijiji cha Żurrieq kwa sikukuu, na dada hakujisumbua kujifanya hasikii.

"Jirani."

"Jirani," alisema Tona. "Leo umepotea njia?"

"Nataka maji ya kisima chako. Mengi."

"Ya kupikia?"

Mena angeweza kusema ya kupikia. Dada wa Tona alikuwa amesogeza kiti.

"Ya ile mimea ya Redent. Nimeiharibu kwa mkono wangu. Nisipoiosha itakufa."

"Heh!" Tona akageuka nyuma. "Umesikia, Ġiża? Amekuja kuniomba maji ya kumwagilia ile inayoninukia kwenye mashuka yangu."

"Nimesikia," alisema dada. "Ana moyo."

"Nilikuita mara tatu nikakwambia, Mena, harufu, dirisha langu liko hapo. Ukaniambia nifunge dirisha. Mwezi wa saba! Nifunge dirisha!"

"Nilisema hivyo. Haikuwa adabu."

"Haikuwa."

"Nisamehe."

Tona hakutarajia kulipata hilo haraka namna ile, na sasa hakujua alifanyie nini. Akapangusa mikono ambayo haikuwa na maji.

"Kijana anaendeleaje?"

"Daktari anataka kumrudishia vidonge."

Tona alimkumbuka Redent wa vidonge. Kuna siku alimkuta amekaa kwenye kizingiti chake, hajui kama ni nyumba yake au ya mtu, akamwegemeza begani mwake hadi kwa mamake. Akafungua mlango wote.

"Pampu yangu mbovu. Utavuta kwa kamba."

"Nitavuta kwa kamba."

"Na ukimaliza, ule upande wa dirisha langu weka kitu. Pazia. Ubao. Sijui."

"Kesho."

"Leo," alisema Tona.

*

Ndoo ya maji si nzito ukiishika chini. Inakuwa nzito ukifika kwenye mzunguko wa tatu wa ngazi ya mawe, mahali ambapo kiwiko kinagonga ukuta na huwezi kuitua kwa sababu kipandio hakitoshi. Mena alikuwa na miaka sitini na goti moja bovu. Alivuta kwa kamba, akabeba kutoka kwa Tona hadi kwake, akapanda, akamimina. Maji yaliyotoka chini ya ndoo ya mmea wa kwanza yalikuwa na rangi ya chai. Akashuka. Akapanda. Tona alikuwa anavuta kamba huku akilalamika juu ya mgongo wake, dada anamwambia avute kwa miguu si kwa mikono, Tona anamwambia aje avute yeye.

Safari fulani ya mchana Mena aliteleza. Ndoo ilimtoka, ikashuka ngazi peke yake kwa kishindo, na maji yakafika hadi jikoni, chini ya meza, hadi kwenye soksi za Indri.

"Mena! Unataka kujiua kwa ajili ya majani?"

Indri alimkuta mkewe amekaa kwenye kipandio, ameshika goti, nguo imelowa hadi kifuani. Mena aliangalia ndoo ilipofikia, akaanza kushuka kwa makalio, kipandio kwa kipandio, kuifuata.

"Acha."

Akaendelea kushuka.

"Nimesema acha, we mwanamke!" Indri aliokota ndoo mwenyewe. Akasimama nayo katikati ya dimbwi, soksi zimelowa, hajui aiweke wapi. "Bado ngapi?"

"Mmoja umemalizika. Bado mitatu."

"Na yakitoka meupe ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho."

"Machimboni tulikuwa hatubebi moja," alisema kwa hasira. "Mtu anayebeba moja anapinda. Leta na ile nyingine."

Akatoka nje na ndoo mbili, soksi zikipiga chapchap barabarani. Wanaume wawili wa klabu walikuwa wanashusha mapambo ya sikukuu kutoka kwenye nguzo. Mmoja alikuwa Karmnu.

"Indri! Unamwagilia shamba?"

"Namwagilia," alisema Indri bila kusimama. "Njoo unishikie ndoo au funga domo."

Karmnu hakuja. Lakini alifunga domo.

Walimaliza jua likiwa linashuka nyuma ya kanisa. Maji ya mmea wa mwisho yalitoka meupe. Indri alikaa juu ya beseni, anapumua kwa kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu ipandwe akaitazama ile mimea moja moja, kama anayekagua jiwe kabla ya kulikata.

"Huu na huu imekwisha," alisema, akionyesha miwili ya pembeni. "Hii mingine sijui."

"Sasa tuipe nini?"

"Si amesema usiipe kitu?"

"Kitu kidogo tu. Asali kidogo kwenye maji, nimesikia..."

"Mena."

"Nauliza tu."

Indri akaichukua ile chupa ya fahali, ikiwa bado zaidi ya nusu, akashuka nayo chini ya kwapa. Hakuitupa kwa kuwa ni ya euro ishirini. Aliirudisha kwa Wenzu. Walichoambiana kwenye ile gereji hakuna aliyesema, ila Wenzu alirudisha noti.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa Mena kuliko siku ya ndoo. Kila asubuhi alipanda, akatia kidole kwenye udongo, akamimina maji ya Tona pale tu udongo ulipokuwa umekauka, akashuka. Miwili ya pembeni ilikauka kabisa. Mingine miwili haikurudi kama ilivyokuwa. Majani yake yaliyoungua yalibaki yameungua. Lakini katikati, pale kwenye maua, taratibu ukaanza tena ule mnato. Siku moja Tona akaita kutoka dirishani, nyuma ya ubao mpya: "Mena! Inanuka!" Na Mena, juu ya paa, akaketi chini akacheka mpaka machozi.

*

Redent alirudi mwishoni mwa mwezi kwa gari la hospitali, ametembea mwenyewe kutoka mlango wa gari hadi kwenye kiti, mkono begani kwa babake. Alikuwa amekonda. Kwenye mfuko wa nguo zake kulikuwa na pakiti ya vidonge. Mena aliiona kabla hajaifungua zipu yote.

"Daktari kasema nije nayo nyumbani," alisema Redent. "Nimeze ikinishinda kabisa. Na nimpigie."

"Mimea yako tumeivuna. Imetundikwa gizani, inakauka. Imepona nusu tu." Alikuwa amejipanga kulisema hilo kwa utulivu, akalisema haraka haraka kama mtoto. "Nusu nimeiua mimi."

"Najua, mama. Ulinitumia picha."

"Itatosha?"

"Mpaka karibu na Krismasi, nikijibana. Lakini haijakauka bado. Wiki nyingine mbili."

Wiki mbili hizo hawakuwa wamezihesabu. Mena alitazama pakiti. Indri alitazama dirishani.

Maumivu yalianza walipokuwa mezani. Redent aliweka uma chini kwa uangalifu mkubwa. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na misuli ya mguu wake ikaanza kuruka yenyewe chini ya kitambaa cha meza mpaka glasi zikalia.

Mena alikuwa ameshasimama. Pakiti ilikuwa mkononi mwake, kidonge kimoja tayari kimetoka kwenye karatasi yake, glasi ya maji mkono wa pili. Hakukumbuka kuvichukua.

"Usinipe," alisema Redent, ameuma meno.

"Mwanangu, unateseka. Kimoja tu. Daktari amesema..."

"Amesema ikinishinda. Haijanishinda."

"Nitasimama hapa nikutazame tu?"

"Usisimame. Kaa."

"Nikufanyie nini, Redent? Niambie nikufanyie kitu. Maji ya moto? Nikukande?"

"Usinifanyie kitu, mama. Kaa."

Indri alivuta kiti kwa mguu. Mena akakaa. Akaweka kidonge mezani, akaweka glasi, halafu mikono yake haikuwa na kazi. Ilikuwa inataka kupangusa, kukata mkate, kupakua supu, kushika. Aliipeleka chini ya mapaja, akaikalia.

Mguu uliruka. Glasi zililia. Redent alipumua kupitia puani, macho kwenye kitambaa cha meza, na mama akapumua naye, akisubiri Redent mwenyewe aseme kama imemshinda.